Sindano kwenye tezi: kwa nini slaidi nyingi za ndigana kali hurudi tupu

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wafugaji mlioacha mifugo mikononi mwa vijana mkaja kutusikiliza, mabwana mifugo na mabibi mifugo wa kata, wanafunzi wetu wa maabara: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Ratiba inasema nitazungumzia njia za kutia rangi sampuli za tishu za wanyama ili vimelea vionekane. Nikiifuata mada hiyo mwanzo hadi mwisho tutalala hapa. Nitakaa zaidi kwenye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kisha nipite kwa ndugu zake wanaoletwa na kupe, na palipo na ulazima nitaingia kwenye ubongo na kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi tishu. Anayetaka kanuni zote za vipimo, vitabu vipo maabara na hakatazwi mtu kuvisoma.

Nianze na jibu ambalo wengi mmelipokea: "Hakuna vimelea vilivyoonekana." Mfugaji akisomewa hivyo anaelewa kwamba ng'ombe wake hana ndigana. Bwana mifugo aliyemshika yule ng'ombe, akapima homa, akapapasa matezi, akasikia anavyokoroma kwa maji yaliyojaa mapafuni, anaelewa kwamba maabara wamelala. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo mtanishuku nikijitetea. Lakini ninavyoona mimi, mara nyingi ng'ombe huwa mgonjwa kweli, na aliyekaa kwenye hadubini huwa macho. Slaidi, kile kioo tunachopakia sampuli, ndiyo haina kitu cha kuonyesha. Ama imechukuliwa mahali ambapo kimelea hakikuwepo siku ile, ama imeharibika kabla haijaguswa na rangi.

Tuangalie kwanza hilo la mahali. Kupe wa kahawia wa masikio, kama jina lake linavyosema, hupenda kujishika sikioni. Anaponyonya, mate yake huingiza kimelea kiitwacho Theileria parva. Kimelea hiki hakiendi moja kwa moja kwenye chembe nyekundu za damu kama wengi wanavyodhani. Huingia kwenye seli nyeupe aina ya limfosaiti, na kituo chake cha mwanzo ni tezi lililo karibu na pale kupe alipouma, yaani lile la chini ya sikio. Ndiyo maana mzee anayejua ng'ombe wake hupapasa chini ya sikio kabla ya kuuliza jambo lingine. Humo ndani ya limfosaiti kimelea hufanya kitu ambacho watafiti bado wanakichimba mpaka leo: huilazimisha seli igawanyike bila kukoma, karibu sawa na seli ya saratani, na kila inapogawanyika, chenyewe hujishikiza kwenye nyuzi zile zile zinazoivuta seli pande mbili, kikagawanyika pamoja nayo. Kila seli mpya inazaliwa tayari ina mgeni ndani. Tezi linavimba kwa sababu limejaa seli hizo. Hatua hii ya kimelea tunaiita skizonti.

Baadaye, siku kadhaa baada ya skizonti kuanza kuonekana tezini, baadhi hukomaa, seli hupasuka, na kinachotoka huingia kwenye chembe nyekundu. Hapo ndipo damu inapoanza kuonyesha vitu vidogo sana, vingine kama koma, vingine kama nukta yenye mkia. Hivyo ni piroplazimu.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Homa imepanda leo, mfugaji amekuita leo, umechukua tone la damu sikioni, umeleta maabara. Kimelea kiko tezini. Nitie rangi gani ili nikione kwenye damu?

Na kuna upande wa pili, ambao ni mbaya zaidi. Ng'ombe aliyewahi kuugua akapona hubaki na piroplazimu wachache damuni kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote. Zaidi ya hapo, wapo jamaa zake wapole, kama Theileria mutans, ambao kwenye damu huwezi kuwatofautisha na huyu muuaji hata uangalie kwa lenzi nzuri kiasi gani. Kwa hiyo damu inaweza kukunyima kimelea siku kinapoua, na ikakuonyesha kimelea siku ng'ombe anapokufa kwa jambo lingine kabisa. Wafugaji ambao ng'ombe wao wamechanjwa chanjo ya ndigana kali, wale wenye hereni ya chanjo sikioni, nawaomba walisikie hili vizuri. Chanjo ile ina vimelea hai. Mnyama hupewa pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili augue kidogo tu na apate kinga. Ng'ombe wa namna hiyo akionekana na piroplazimu wachache, usikimbilie dukani. Hilo linatarajiwa.

Kwa hiyo sindano iende kwenye tezi. Nitaeleza polepole, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Chagua tezi lililovimba, la chini ya sikio au lile la mbele ya bega. Mnyama afungwe vizuri. Ndama ashikwe na watu wawili. Nyoa manyoya kidogo, futa kwa spiriti, acha pakauke. Lishike tezi kati ya vidole lisikukimbie, choma sindano iliyofungwa kwenye bomba, kisha vuta pistoni kidogo huku ukiisogeza sindano mbele na nyuma humo humo ndani, mara chache tu. Achia pistoni kwanza, ndipo uitoe sindano. Ukiitoa huku bado unavuta, kilichokuwa ndani ya sindano kinarukia ndani ya bomba na hukipati tena. Usingoje kuona damu ikijaa. Ukiona damu nyingi, umetoka kwenye tezi ukaingia kwenye mshipa, na utaniletea damu ile ile niliyoikataa. Chomoa sindano, jaza bomba hewa, irudishe sindano, pulizia kwenye slaidi. Kinachotakiwa ni tone dogo, zito kidogo, la kijivu chenye wekundu.

Kulitandaza tone hilo kunahitaji mkono mwepesi. Limfosaiti iliyojaa skizonti ni dhaifu. Ukikandamiza inapasuka, na kiini chake kinabaki mchirizi wa zambarau usiosema chochote. Naziona slaidi ambazo robo tatu ni michirizi hiyo. Aliyezitengeneza alifika tezini sawasawa, akazipoteza seli kwa kidole gumba.

Slaidi ikauke haraka kwa kupepewa. Isikaushwe juani, wala isishikwe juu ya jiko. Jina na tarehe viandikwe kwa penseli kwenye ile ncha yenye ukungu, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye methanoli, ile spiriti tunayochovyea slaidi kabla ya rangi, na sisi tunabaki na slaidi za ng'ombe wasio na jina. Na ziwekwe kwenye kisanduku chenye kifuniko. Nzi wanakula utando wa damu, wanatoboa matundu, na mende wakipata usiku mmoja wanaumaliza kabisa.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tung'ang'anie rangi za zamani. Nawaambia wajue kwanza hizo rangi zimefanya nini, tena hapa hapa kwetu. Mwaka 1897 na 1898, Robert Koch, yule Mjerumani wa bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam. Aliangalia damu za ng'ombe wa pwani akaona vimelea vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni hatua changa za kimelea cha ugonjwa mwingine, ule wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye, baada ya ng'ombe kupelekwa kusini kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ugonjwa mpya ulilipuka kule inakoitwa Zimbabwe leo, ng'ombe wakafa kwa maelfu. Koch akaitwa Bulawayo mwaka 1903. Safari hii hakuishia kwenye damu. Aliangalia matezi na wengu, akaona zile seli zenye mabonge ya bluu yaliyojaa punje nyekundu. Mpaka leo vitabu vinayaita mabonge ya Koch. Mwaka 1904 Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyekuwa Afrika Kusini, akakitenga kimelea hicho na kile cha kukojoa damu na kukipa jina lake chenyewe. Afrika Kusini ilihitaji karibu nusu karne kuufuta ugonjwa huo kwao.

Mtu mwenye hadubini bora kuliko wote wa zama zake alikaa Dar es Salaam na damu mezani, na damu ikamwambia nusu tu ya habari. Matezi ndiyo yaliyommalizia.

Rangi yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1891 Dmitri Romanowsky, daktari wa Urusi, alichanganya methilini bluu na eosini akatia rangi vimelea vya malaria. Kiini kikatoka zambarau na mwili wa kimelea ukatoka bluu. Zambarau hiyo haimo kwenye chupa ya bluu wala haimo kwenye chupa ya eosini. Inatokea pale tu vitu viwili vinapokutana: methilini bluu iliyokaa ikabadilika na kutoa kitu kiitwacho azua, na eosini. Azua inashika asidi za kiini, eosini inaipata pale pale, na wekundu-zambarau unazaliwa. Kwingineko eosini inapaka protini za chembe nyekundu rangi ya waridi, na azua inaupa mwili wa kimelea bluu. Shida ya mchanganyiko wa Romanowsky ilikuwa kwamba leo unakubali na kesho unakataa. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliutuliza kwa gliserini na methanoli, ukawa kitu unachoweza kukiweka kabatini. Zipo dada zake: Leishman, Wright, Field, na zile za kuchovya za haraka ambazo baadhi yenu mnazo kwenye mikoba. Za haraka sizikatai; uwanjani zinakupa dalili kabla hujaondoka bomani. Lakini kwa skizonti, na hasa kwa anaplazima wa ndigana baridi, mimi bado naamini Giemsa ya nusu saa.

Kanuni yake ni fupi. Slaidi iliyokauka inaingia kwenye methanoli kwa dakika tatu hadi tano, inakauka tena. Sehemu moja ya Giemsa inachanganywa na sehemu tisa za maji ya bafa, yaani yaliyotengenezwa ili uchachu wake usibadilike, yenye pH 7.2. Slaidi inakaa humo kama dakika thelathini, inasuuzwa taratibu, inasimamishwa ikauke. Lenzi ya mara mia yenye mafuta, jumla mara elfu moja. Mchanganyiko ukibaki jioni, mwaga, kesho haufai.

Fupi namna hiyo, na bado kila neno lina mtego. Bafa si maji ya bomba. Maji ya visima vyetu vingi vya kanda ya kati yana chumvi na magadi. Ukichanganyia Giemsa yanakupa slaidi ya bluu tupu, kiini bluu, seli bluu, uchafu bluu. Maji yenye asidi nayo yanakupa waridi tupu, kimelea kinafifia mbele ya macho yako. Mwenye rangi ya bei kubwa na maji mabaya hana rangi. Methanoli nayo inanyonya unyevu wa hewa. Pwani, Tanga na kwingineko, chupa ikiachwa wazi wiki chache inakuwa na maji ndani, na maji hayo yanaacha kwenye chembe nyekundu vishimo vinavyong'aa. Mtu mgeni anavihesabu kama vimelea. Kila siku ya joto la pwani ninapoona slaidi ambayo chembe zote zina "vimelea", nauliza kwanza habari za chupa.

Halafu kuna fomalini. Hili naliweka peke yake kwa sababu linatukuta mara kwa mara na halina dawa. Bwana mifugo mwenye bidii amechana mzoga, amechukua kipande cha tezi akakitia kwenye chupa ya fomalini, ametengeneza na slaidi nzuri za tezi lile lile, kisha vyote akavifunga kwenye boksi moja akatuma na basi. Mvuke wa fomalini unafika kwenye slaidi njiani. Zikifika kwangu zinakataa kushika rangi. Zinatoka kijani chenye ubluu, viini havitengani na kitu. Hakuna cha kuzirudisha. Tafadhali: slaidi boksi lake, fomalini boksi lake, na kama ni basi moja basi viti viwili tofauti.

Kwenye hadubini penyewe, jicho hudanganywa na nini? Mabaki ya rangi ndiyo mdanganyifu mkuu. Yanaanguka kama punje nyeusi za zambarau juu ya utando, na kama yameangukia pembeni mwa chembe nyekundu utaapa ni Anaplasma marginale, kimelea cha ndigana baridi, ambacho nacho ni nukta ya duara ukingoni mwa chembe. Zungusha skrubu ndogo ya hadubini juu na chini. Anaplazima iko ndani ya chembe, inaonekana na kupotea pamoja na chembe yake. Uchafu uko juu. Unakuwa wazi wakati chembe imefifia, tena unang'aa. Mdanganyifu wa pili ni mabaki ya kiini ambayo chembe changa hubaki nayo mnyama akiishiwa damu. Nayo ni nukta ya duara. Hapo hesabu inasaidia: ukiona moja moja, tena kwenye ng'ombe mwenye upungufu mkubwa wa damu anayejitahidi kutengeneza nyingine, kuwa na mashaka, ukiona nyingi na zimekaa ukingoni, andika jibu. Vigandisha damu navyo vikilalia chembe nyekundu huonekana kama piroplazimu. Kwa kukojoa damu, Babesia bigemina hana tabu: maumbo mawili ya pea yamekutana kwa ncha, makubwa, yamejaza chembe. Ukimwona mara moja humsahau.

Skizonti naye, ukimpata kwenye slaidi safi, hamna ubishi. Limfosaiti kubwa, kiini chake kimesukumwa kando, na kwenye ule uwanja wa bluu iliyopauka kuna bonge lenye punje ndogo nyekundu-zambarau, nyingine zimepangana nyingine zimetawanyika. Angalia pia nje ya seli, kwa sababu zikipasuka mabonge hubaki yakielea peke yake. Usiandike "hakuna" kabla hujapita slaidi yote, hasa mkiani ambako utando ni mwembamba.

Mzoga una kanuni zake. Seli zikioza kimelea kinaoza nazo. Ng'ombe aliyekufa usiku na wewe ukafika saa nane mchana, tezi lake halitakuambia mengi. Jaribu hata hivyo, chukua na wengu na mapafu, kata kipande, kikaushe uso wake kwa karatasi ili damu na majimaji vipungue, kisha kigusishe kwenye slaidi kwa mpigo, bila kuburuta. Ubongo ndio unaovumilia zaidi, na kwa magonjwa kadhaa ndio unaotoa jibu.

Lakini kabla ya kisu, simameni kidogo. Mnyama aliyekufa ghafla, damu inatoka puani na njia ya haja, haigandi: msimpasue. Huyo ashukiwe kimeta mpaka ithibitike vinginevyo. Chukua damu ya sikioni kwa uangalifu, slaidi moja, itiwe methilini bluu ya zamani kwa njia ambayo John M'Fadyean aliieleza mwaka 1903. Vijiti vya bluu vilivyozungukwa na ukungu wa waridi vinatosha kumfunga mzoga na kuuteketeza au kuuzika. Na mnyama aliyekuwa na dalili za ubongo, kabla hujagusa kichwa jiulize habari za kichaa cha mbwa. Kama hujachanjwa wewe mwenyewe, kichwa kizima kipelekwe kwa wenye vifaa. Ng'ombe ni mali, ila kuna watoto wanakusubiri nyumbani.

Baada ya hapo, ubongo. Kwa ugonjwa wa moyo kujaa maji, ambao huletwa na kupe mwenye madoadoa na ambao kisababishi chake kwa kweli ni bakteria aishiye ndani ya seli, damu haisaidii kitu. Edmund Cowdry alikionyesha kisababishi hicho mwaka 1925 kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo ya damu. Huhitaji kupasua fuvu: kata kichwa, pitisha kijiko chembamba kwenye tundu ambalo uti wa mgongo unaingilia, toa kipande cha sehemu ya kijivu kisichozidi kichwa cha kiberiti. Kiweke kati ya slaidi mbili, kandamiza, halafu vuta huku ukiinua kidogo na kushusha, ili utando uwe na mistari minene na myembamba. Kwenye ile myembamba mishipa midogo hulala imenyooka kama nyuzi za mkeka, na vile vikundi vya punje za zambarau huonekana ndani ya seli za ukuta wake, jirani na kiini. Slaidi hiyo hiyo huonyesha Babesia bovis, ndugu wa yule Babesia bigemina, ambaye hupenda kujaza chembe zilizokwama kwenye mishipa ya ubongo hata damu ya mshipa mkubwa ikiwa karibu haina kitu.

Wafugaji wa Ngorongoro wanaita ormilo hali ya mnyama kuzunguka zunguka asijue aendako. Kwa ng'ombe, ubongo ukitiwa rangi mara nyingi tunakuta mishipa midogo imezibwa na limfosaiti zenye skizonti za Theileria. Kwa kondoo na mbuzi, ambao huzunguka vile vile, mara nyingi hatuhitaji Giemsa: ukifungua unakuta fuko la maji lenye vichwa vyeupe vya mnyoo, ambaye mwenyewe mkubwa anaishi tumboni mwa mbwa. Dawa ya kuogesha kupe itamsaidia wa kwanza na haitamgusa wa pili kabisa, na wa pili suluhisho lake ni kutowapa mbwa vichwa vya kondoo. Ninamwomba kila bwana mifugo wa kule alete sampuli kwa kutaja ni mnyama gani. Fomu zinazosema "ormilo" tu tunazipata.

Fomalini niliyoitukana ina kazi yake. Kipande cha tishu kisichozidi sentimita moja kwa unene, fomalini mara kumi ya ujazo wake, na ndani ya siku chache tishu imekamaa, inakatwa vipande vyembamba sana, inapakwa hematoksilini na eosini. Hematoksilini inatokana na mti wa Amerika ya Kati, na bila kushikizwa na chumvi ya alumini haishiki kitu. Njia hii haikupi jibu la leo jioni. Inakupa ramani ya ugonjwa: kimelea kiko wapi, mwili umefanya nini. Kwa vimelea vingine tunaongeza rangi maalumu. Ukuta wa kifuko cha maji cha mnyoo Echinococcus, vile tunavyokuta kwenye maini na mapafu machinjioni, una tabaka la sukari ambalo rangi ya PAS hulifanya jekundu zito, hata kama kifuko kimeshazeeka na kubaki magamba. Ni rangi hiyo hiyo inayotuonyesha vifuko vya kimelea kiitwacho toksoplazima kwenye misuli na ubongo. Hata kupe mwenyewe tunamtia rangi: kwenye utengenezaji wa chanjo ya ndigana kali, tezi za mate za kupe hutolewa chini ya hadubini na kupakwa ili zihesabiwe zilizobeba kimelea.

Kuna mambo ambayo rangi haiwezi. Skizonti wa Theileria parva na wa jamaa yake Theileria taurotragi wamefanana. Hakuna mtu atakayewatenga kwa macho. Ng'ombe aliyeambukizwa na kimelea kitokacho kwa nyati anaweza kufa na skizonti wachache mno kuonekana. Hapo tunahitaji PCR, kipimo cha vinasaba vya kimelea, na sampuli zipelekwe. Lakini PCR haiko bomani saa kumi na mbili jioni, na ndama anayekoroma hangoji.

Kwa wazee, jambo hili linahusu mfuko. Buparvakwoni inatibu ndigana kali, tena ikiwahi; ni ghali na hamna haja niwaambie. Oksitetrasaiklini inasaidia ndigana baridi na moyo kujaa maji, ila ndama mwenye ndigana kali iliyokwisha kupamba moto haimwokoi. Diminazini ni ya kukojoa damu na ya ndorobo. Nawaona wengi wanachoma ya bei rahisi kwanza, kesho ya pili, keshokutwa ndipo ile ghali, na ng'ombe anakufa na sindano tatu mwilini. Slaidi moja ya tezi bei yake ni ndogo kuliko ya kwanza kati ya hizo. Na nyinyi mabwana mifugo, mkiletewa jibu tupu lililotoka kwenye damu ya sikioni wakati tezi limevimba, msiliamini. Rudini mchome tezi.

Pale mezani nimeweka hadubini mbili. Ya kulia ina damu ya sikio la ndama, ya kushoto ina tezi la ndama huyo huyo, zimechukuliwa asubuhi moja. Sisemi ndani yake mna nini. Kila mmoja aangalie zote mbili, aandike alichoona kwenye karatasi bila kumwonyesha jirani, ndipo tujibu maswali. Skrubu kubwa isiguswe, itavunja slaidi. Wazee watangulie.